Mjomba hajafanya kitu, ile ni besi yangu

Ile sauti ya sekunde nane inayozunguka kwenye magrupu tangu Jumapili, iliyopewa jina "Mjomba kazidiwa na ndafu", naomba leo niisemee. Mjomba hajafanya kitu. Mjomba alikuwa amekaa na soda yake kwa heshima zote. Ile ni besi yangu, gitaa langu la sauti nzito. Na aliyeirekodi, akaikata pale alipopataka yeye, kisha akairusha, ni mpiga kinanda wetu. Kuna kipande cha hadithi amekificha, na kipande hicho kinahusu waya. Tutafika.

Hali yangu kwa sasa: Mwanjelwa, pale Mbeya mjini, sipiti. Bodaboda wa Kabwe wakiniona wanafanya ule mlio kwa mdomo, tena wanaupatia kuliko nilivyoupiga mimi. Juzi nimeagiza chipsi, dada akaniuliza, "Niweke kachumbari kaka, au tumbo halijatulia?" Nikasema weka. Ningesema nini?

Gitaa lenyewe mnalijua, nimewachosha nalo. Nyuzi tano: G, D, A, E, halafu ile B ya chini iliyonitoa roho. Limetengenezwa Marekani, shingo ya mbao za mepo vipande vitano vilivyogandishwa pamoja, na bei yake ukimtajia mtu wa Mafinga anakuonyesha ekari za misindano ambazo zingekuwa zako leo. Yule Mmarekani, Leo Fender, alipotoa besi yake ya kwanza ya umeme mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi nne, na watu wakacheza vizuri tu. Mimi nikataka ya tano. Uzi wa E ukiupiga mtupu unatikisika mara 41 kwa sekunde, wa B mara 31. Hizo kumi za katikati ndizo nilizolipia.

Sasa, nakaa Tukuyu, na Tukuyu masika haina adabu. Mbao inakunywa unyevu, shingo inacheza: leo nyuzi ziko juu, kesho zinagonga freti, vile vyuma vya shingoni. Kila mara ushike ufunguo wa pembe sita, uzungushe kile chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, uache kikae, upime tena. Nikachoka. Kwaresima ilipoingia, kazi za harusi zikasimama kama kawaida, nikalipeleka gitaa Mbeya mjini likakae ghetto kwa mpiga kinanda, Soweto, ambako kuna ukavu kidogo. Akaahidi atalitunza kama la kwake. Maneno yake hayo, na kwa kweli alilitunza hivyo hivyo anavyotunza vya kwake.

Pasaka ikapita, sendofu ya kwanza ikaingia, ukumbi mmoja maeneo ya Mafiati. Gitaa alilibeba yeye hadi ukumbini likiwa ndani ya boksi lake, limefutwa vumbi, linang'aa. Tukapima sauti saa kumi jioni. Safi kabisa. Nikapiga vijipande viwili kwenye nyuzi za G na D, fundi mitambo akanyanyua dole gumba, nikakaa kando nikiwasimulia watu wa kamati habari za nyuzi tano. MC alikuwa karibu. Akasikia yote.

Jambo jingine mlijue mapema. Fundi mitambo alikuja na sabufa mbili za inchi 18. Moja ikapata nafasi jukwaani. Nyingine ilikosa pa kukaa, ikasukumwa nyuma ya meza ya wajomba. Watu wa mapambo wakaona lile boksi jeusi linawaharibia rangi, wakalifunika satini nyeupe wakaweka na chungu cha maua juu. Kwa mgeni yeyote, pale nyuma ya mjomba palikuwa na meza ya maua.

Shughuli ikaenda. Wajomba wakaingia kwa mbwembwe, shangazi wakatoa vitenge, ndafu ikakatwa. Nyimbo zote hizo nilikuwa juu huku, kwenye A na D, napiga taratibu maana watu walikuwa wanakula. Hakuna aliyelalamika. Ndipo MC akashika maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, kuna gitaa hapa limepanda ndege kuja Mbeya. Mimi na wewe hatujapanda." Watu wakacheka. "Kaka wa besi, hebu wape salamu wajomba. Bendi nyingine yote, kimya."

Mpiga drams akalaza vijiti mapajani. Mpiga kinanda akatoa mikono kwenye kinanda, akatoa simu. Wakati ule nilidhani ananirekodi kwa upendo.

Ukumbi ukatulia kabisa. Jenereta la jirani unalisikia. Dole gumba la kulia limeegemea pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, kidole cha shahada kiko juu ya B, mkono wa kushoto umeshika shingo kwa ajili ya pozi tu, maana B tupu haibonyezwi popote. Nikafumba macho. Ndiyo, nilifumba. Ipo kwenye video, ila video hiyo hamtaipata kwangu.

Nikaupiga wa kwanza. Ukatoka na mikwaruzo kwa mbali, nikasema moyoni, huu ni waya, ngoja niukaze. Nikaupiga wa pili, kwa nguvu.

*Prrrrraaaap.*

Haukutoka jukwaani. Ulitoka kwenye maua, nyuma ya mjomba, kwa ukubwa wa inchi 18.

Nipeni nafasi nieleze kilichotokea ndani ya ile nusu sekunde, kwa sababu nimekifikiria sana usiku. Gitaa langu lina preampu, yaani kikuza sauti kidogo cha ndani, inayokula betri ya volti 9, ile ya pembe nne. Betri ikiisha nguvu, preampu inakosa nafasi ya kupanda na kushuka. Mawimbi madogo yanapita bila shida, ndiyo maana nyimbo za chakula zilitoka salama. Wimbi kubwa likija, kichwa kinakatwa, na wimbi lililokatwa kichwa haliungurumi tena, linakwaruza. Uzi unaodai nafasi kubwa kuliko yote ni upi? B. Tena sabufa nyingi za hapa kwetu chini ya 40 kwa sekunde zinaanza kuchoka, kwa hiyo ile 31 yenyewe wala haisikiki sawasawa, unachosikia ni zile sauti za juu yake. Na kukata wimbi kunatengeneza hizo za juu kwa wingi. Yaani mngeniambia nitengeneze ule mlio makusudi, kwa vifaa vya gharama, nisingepata njia bora zaidi.

Turudi ukumbini. Mama mmoja wa sare, kiti cha pili kutoka kwa mjomba, akasogeza kiti chake. Hakugeuka wala hakukunja uso. Alisogea taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyelelewa. Wa tatu naye akasogea ili asibanwe. Mtoto mmoja akasema kwa sauti kubwa, "Babu!" Mjomba mwenyewe akageuka kuangalia nyuma, akaona maua. Akageuka mbele, akakuta ukumbi mzima unamwangalia. Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Nikasema, huyu mzee siwezi kumwacha hivi, watu wasikie kwamba ni gitaa. Nikaupiga wa tatu.

Wa tatu ulikuwa mrefu. Ulianza kama wa pili, ukaendelea, ukapoteza nguvu katikati, ukashuka hadi kwenye kijipumzi chembamba, *fffyuuuu*, halafu *pti*. Kimya. Gitaa limekata roho.

MC: "Wajomba wamejibu salamu."

Sitaeleza kicheko. Waliokuwepo walikuwepo.

Najua kuna mtu wa Iringa ameshaanza kuandika, "Kwa nini hukuhamia pasivu?" Mkuu, zipo besi zenye swichi ya kuiruka preampu, sauti ya pikapu inakwenda moja kwa moja kwenye tundu la waya, betri ife isife unapiga. Yangu haina. Sauti yote lazima ipite kwenye preampu, betri ikifa na wewe umekufa. Na wenye pikapu ambazo zenyewe zinakula betri msijidanganye, hata mngekuwa na hiyo swichi isingewasaidia. Ukinunua besi ya namna hii uliza hilo kwanza kabla ya kuuliza rangi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Nikalilaza gitaa kifudifudi juu ya kesi ya kinanda. Kifuniko cha betri kina skrubu mbili ndogo, bisibisi hakuna. Mtu wa jikoni akaniletea kisu. Kisu gani? Cha ndafu. Nikafungua skrubu za gitaa la Marekani kwa kisu chenye mafuta ya mbuzi, na yale mafuta yameingia kwenye mbao, hadi leo likipata joto linanukia. Betri ya volti 9 usiku ule Mafiati utaipata wapi? Maduka yana za redio na za tochi. Fundi umeme wa taa za mapambo ndiye akatuokoa. Akafungua mita yake ya kupimia umeme, ndani mna betri ile ile. Akanikabidhi huku akiniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau. Kabla ya kunipa aliipima ile yangu: volti 5 na kitu. Mpya huwa inasoma zaidi ya 9. Ukikuta imeshuka chini ya 8, usiende nayo kwenye shughuli ya watu.

Gitaa likarudi uhai. Hakuna aliyetaka kulisikia.

Sasa kile kipande kilichofichwa. Tukiwa tunakunja nyaya nikamuuliza mpiga kinanda, gitaa ulikuwa unalipiga? Akasema kidogo tu, mwanzo wa Kwaresima, halafu akaliweka kwenye stendi akalifunika kitenge. Waya? "Nilichomoa," akasema. Wapi? "Kwenye ampli."

Kwenye ampli! Ndugu zangu, ukichomoa kwenye ampli umelisaidia ampli. Swichi ya betri iko kwenye tundu la gitaa. Jeki ya waya ikiingia pale, chuma chake kinaunganisha upande hasi wa betri, na preampu inawaka hapo hapo, hata kama ncha ya pili ya waya inaning'inia sakafuni. Preampu ya kawaida inakula kama miliampia 1. Betri nzuri ya alkali inaweza kuilisha miliampia 1 hiyo kwa kama saa 500. Gawanya mwenyewe: wiki tatu hivi, imekwisha. Kwaresima ni siku 40 bila kuhesabu Jumapili, na betri Jumapili haipumziki. Mchana wa sendofu akachomoa ili boksi lifunge, betri ikapata mapumziko ya safari ya bodaboda. Betri za alkali zikipumzika zinajikusanya kidogo, ndiyo maana saa kumi ilitoa sauti nzuri ikanidanganya. Ile baridi ya jioni nayo ikaimalizia.

Nilimweleza yote haya. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Pole sana kaka," na usiku huo huo akairusha ile sauti kwenye grupu la kwaya.

Kwa mjomba nilikwenda kuomba radhi palepale, nikapiga goti, nikamwonyesha sabufa chini ya satini. Akaiangalia. Akainua kitambaa kwa ncha ya fimbo, akakishusha. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, "sasa panda ukawaambie kwenye maikrofoni." Nikapanda nikasema. Kicheko kikaanza upya, maana MC alidai familia imenilipa nijitolee.

Kuna kazi Jumamosi hii Makambako. Kamati imepiga simu mara mbili kuuliza sabufa zitakaa wapi, na wameomba ramani ya ukumbi. Nimenunua betri mbili za alkali, moja ndani moja mfukoni, na bisibisi ndogo nimeifunga kwenye mkanda wa gitaa. Fundi umeme, nimeona bipu zako zote. Betri yako ninayo, nakuletea Ijumaa nikipita Uyole, usiendelee kuniandikia "prrrap" kwenye meseji, mke wangu anazisoma.