Usipime Gezi kwa Ukali Wake

Chupa ya bia chachu ikifunguliwa mezani, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Ina ukali kiasi gani?" Kisha watu hukunja uso na kushindana nani atamaliza glasi. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo limewanyima wanywaji wengi utamu wa kinywaji cha ajabu kabisa. Uchachu katika bia iliyokomazwa kwenye mapipa ya mbao ni kama chumvi kwenye mchuzi: usipokuwepo utaukosa, lakini ukiwa ndio kitu pekee unachokisikia, mpishi ameharibu.

Ninayoizungumzia hasa ni lambiki, bia chachu ya Ubelgiji inayotengenezwa Brussels na katika bonde la mto Senne, upande wa Pajottenland. Na ndani ya lambiki, zaidi gezi, yaani mchanganyiko wa lambiki za umri mbalimbali uliotiwa chupani ukajitengenezea gesi. Kwenye lebo utaiona imeandikwa gueuze au geuze.

Msomaji wa pwani hahitaji somo refu kuhusu chachu ya mwitu. Tembo la mnazi halitiwi hamira. Mgema anapoteremsha kibuyu, kazi imeshaanza yenyewe. Asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, likilala siku mbili tatu linakimbilia siki. Lambiki nayo huanza hivyo hivyo, kwa chachu zilizomo hewani na kwenye mbao za jengo, ila safari yake huchukua hadi miaka mitatu. Tofauti iko kwenye sukari. Sukari ya utomvu wa mnazi ni nyepesi, huliwa kwa saa chache. Ya lambiki, sehemu yake imefungwa katika minyororo mirefu ambayo chachu ya kawaida haiwezi kuikata, na watengenezaji huifunga hivyo kwa makusudi.

Wanachukua asilimia 60 hadi 70 ya kimea cha shayiri, na sehemu iliyobaki ni ngano mbichi isiyooteshwa. Wakati wa kuloweka, sehemu ya maji huchotwa ikiwa bado na mawingu ya wanga, ikapashwa moto kabla kimea hakijapata nafasi ya kuuvunja wanga wote. Hicho ndicho chakula cha akiba. Kisha maji hayo huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na hopsi kuukuu, yaani maua makavu yanayotia bia uchungu, zilizokaa ghalani hata miaka mitatu. Hopsi za namna hiyo zimepoteza sehemu kubwa ya uchungu na harufu, lakini bado zinawazuia bakteria wasiotakiwa.

Usiku maji hayo humwagwa kwenye sinia kubwa la shaba, pana na la kina kifupi, chini ya paa lenye matundu ya hewa. Katika kiwanda cha Cantillon, kilichopo Anderlecht tangu mwaka 1900, sinia hilo hubeba kiasi cha lita 7,500. Kazi hufanyika kuanzia Oktoba hadi Aprili tu, kwa sababu usiku wa joto maji hupoa polepole mno na bakteria wabaya huwahi kabla ya chachu. Utando wa buibui hauondolewi humo: buibui hula nzi na wadudu wanaofuata sukari. Asubuhi yake, maji yaliyopoa huingizwa katika mapipa ya mwaloni, mengi yakiwa yamewahi kubeba mvinyo.

Ndani ya pipa viumbe hupokezana zamu. Mwezi wa kwanza ni wa bakteria wa utumbo, ambao huacha harufu isiyopendeza kisha hufa uchachu unapopanda. Wanafuata chachu za jamii ile ile inayotengeneza bia ya kawaida, nao huzalisha sehemu kubwa ya kilevi. Baada ya miezi kadhaa huingia bakteria Pediococcus na asidi ya laktiki, ile ya mtindi, na hapo lambiki inaweza "kuugua": ikimiminwa huvutika kama mlenda. Mwishowe hushika kazi Brettanomyces, chachu mvumilivu kuliko zote. Inauvunja ule mlenda, inakula minyororo mirefu ya sukari, na inaacha harufu ambazo hakuna kiumbe mwingine wa pipani anayeweza kuzitoa. Jina lake lilitolewa mwaka 1904 na Mdenmarki N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, aliyeikuta katika bia za Kiingereza za kuhifadhiwa muda mrefu.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoamua utakachokisikia mdomoni. Siku hizi kuna bia nyingi zinazochachushwa kwa siku moja au mbili: bakteria wa laktiki hutiwa kwenye tangi la maji ya kimea yaliyo vuguvugu, kisha maji huchemshwa na kupewa chachu ya kawaida. Si bia mbaya, na siku ya jua kali huburudisha. Lakini ukipima, hiyo na gezi zote zinaweza kusoma pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 3.4. Namba ni ile ile, ila katika moja uchachu umesimama peke yake kama mti jangwani, na katika nyingine umezungukwa na kazi ya miaka mitatu.

Kabla ya kununua chupa ya bei, fundisha ulimi. Andaa glasi nne, kila moja mililita 250; ya pili na ya tatu zijaze maji ya kawaida. Ya kwanza iwe nusu maji, nusu yale maji yanayojitenga juu ya mtindi: huo ndio uchachu wa laktiki, mpana na laini, unaotanda ulimini bila kuchoma. Ya pili tia kijiko kimoja cha chai cha siki: asidi ya asetiki utaisikia puani kabla ya kunywa, kisha itakukwaruza koo. Ya tatu tia vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu, uone ukali unaopanda haraka na kushuka haraka. Ya nne mimina chai ya rangi nzito iliyopoa, bila sukari: hiyo si chachu kabisa, ni ukakasi, ule wa kuuma bibo ambalo halijaiva, na ndio unaotoka kwenye mbao za pipa. Rudia mara mbili tatu huku umefumba macho. Mtu akiweza kutenganisha laktiki, asetiki na ukakasi, ameshapita nusu ya njia.

Sasa chupa. Gezi huhifadhiwa mahali pa giza, nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, mara nyingi ikiwa imelazwa. Ukilaza, mashapo hukaa ubavuni. Kwa hiyo ama isimamishe saa 24 hadi 48 kabla ya kufungua, ama ifungue ikiwa bado imelala kwenye kikapu chake, kama wanavyofanya Brussels, na usiigeuze tena. Inywe ikiwa na nyuzi 11 hadi 13. Ikitoka kwenye friji ya nyuzi 4 utapata uchachu na gesi tu. Harufu zote zimelala. Dar es Salaam au Mombasa, dakika 20 mezani zinatosha. Zaidi ya hapo joto litaiharibu.

Kizibo kishike kwa kitambaa na uzungushe chupa, si kizibo. Shinikizo ni kama la shampeni, hivyo weka jagi karibu. Glasi iwe ya mvinyo, yenye tumbo na mdomo mwembamba, ijazwe theluthi moja tu. Isuuze kwa maji mengi, maana mabaki ya sabuni huua povu. Povu likiondoka haraka hata glasi ikiwa safi, usilaumu bia: uchachu na umri vimeshadhoofisha protini zinazolishikilia.

Nusa kabla ya kutikisa, kisha tikisa unuse tena. Mara ya kwanza hutoka matunda: ganda la ndimu, nanasi, tufaha lililoiva kupita kiasi. Mara ya pili hutoka shamba: nyasi kavu, ngozi, ghala lenye unyevu, na ile harufu ambayo Wazungu huifananisha na blanketi la farasi. Mtu wa Lamu ataitambua upesi zaidi: ni tandiko la punda lililoanikwa juani. Harufu hiyo ni ya Brettanomyces. Ikiwa nyuma ya matunda ni uzuri. Ikiwa imeyafunika, mchanganyaji amezidisha pipa fulani.

Funda la kwanza usilihukumu. Mate yamejaa, ulimi umeshtuka, na utakachosema wakati huo ni "kali" tu. La pili likae mdomoni sekunde tano, ukiuliza uchachu uko wapi: umetanda ulimini au unakwaruza koo? La tatu ndilo la hukumu. Tafuta ukavu, kwa maana gezi ya kweli haina utamu wa sukari uliobaki. Tafuta mwili, yaani uzito fulani unaoizuia isiwe kama maji ya ndimu. Kisha meza, uhesabu: ladha nzuri hubaki sekunde 20 au zaidi na hubadilika ikiwa njiani, kutoka ndimu kwenda mbao, kutoka mbao kwenda uchungu mdogo wa hopsi.

Usitoe hukumu ya mwisho kabla dakika moja haijapita. Kuna kasoro inayoitwa "panya" miongoni mwa waonjaji, nayo hujificha. Vikemikali vyake havipai kwenye kinywaji chachu, kwa hiyo pua haivipati. Mate yanapopunguza uchachu mdomoni, ndipo huibuka ladha ya bisi zilizochina au kizimba cha panya. Mate ya watu hutofautiana, ndiyo maana mmoja analalamika na jirani yake haoni kitu. Kuna mbinu: paka tone kiganjani, sugua, nusa. Chupa yenye kasoro hii si lazima imwagwe, kwa kuwa hewa iliyoingia wakati wa kujaza huileta na miezi kadhaa ya kulala mara nyingi huipunguza. Hali kadhalika chupa iliyomiminika kama mlenda: zirudishe zilizobaki gizani, Brettanomyces itamaliza kazi.

Zisizo na tiba ni nyingine. Harufu kali ya dawa ya kufutia rangi ya kucha inaonyesha oksijeni iliingia pipani na asidi ya asetiki ikaungana na kilevi. Harufu ya matapishi ni asidi ya butiriki, ishara kwamba mwanzo wa uchachushaji ulienda kombo. Na siki tupu ni siki tupu, hata bei ikiwa kubwa. Wapo wanaoitetea wakisema ndiyo "asili". Sikubaliani nao. Utando wa chachu juu ya pipa upo ili kuzuia hewa, na mtunzaji hodari huacha mapipa yasiguswe kwa sababu hiyo hiyo. Asetiki kidogo hukubalika zaidi kwenye bia nyekundu za Flanders, kama Rodenbach ya Roeselare inayokaa katika mapipa makubwa kuliko mtu, lakini hata huko hupozwa kwa kuchanganywa na bia changa.

Kuchanganya ndiko kunakostahili sifa zaidi. Lambiki ya mwaka mmoja huleta sukari itakayotoa gesi chupani, ya miaka miwili huleta mwili, ya miaka mitatu huleta harufu na ukavu. Hakuna mapipa mawili yanayofanana, hata yaliyojazwa siku moja. Mchanganyaji huonja mengi, hukataa mengine, na kazi yake ndiyo unayoinywa. Wachanganyaji wa Tilquin, kwa mfano, walianza kwa kununua maji ya kimea kutoka kwa watengenezaji wengine na kuyakuza katika mapipa yao wenyewe, na gezi yao inaheshimiwa sana.

Ukisoma lebo, tafuta neno "oude". Katika sheria za Umoja wa Ulaya, Oude Gueuze lazima iwe lambiki tupu, wastani wa umri usiopungua mwaka mmoja, na ndani yake iwemo iliyokaa kwenye mbao angalau miaka mitatu. Bila neno hilo, inaweza kuwa imechujwa na kutiwa utamu. Kriki, yaani ile ya cheri chachu, inywe mapema: baada ya miaka miwili mitatu tunda huanza kuondoka na kubaki mbao na ukakasi. Gezi huvumilia hata miaka 20, lakini naipenda zaidi ikiwa na miaka mitatu hadi mitano chupani. Kulipia maradufu kwa sababu ya vumbi la ghalani sioni faida yake.

Chakula kiwe cha mafuta au cha chumvi. Brussels huandaa mkate uliopakwa jibini laini jeupe, figili na vitunguu vya majani. Kamba wa kuchoma na samaki wa kukaanga hukubaliana nayo vizuri, kwa kuwa uchachu hukata mafuta. Kachumbari yenye ndimu hapana, chachu juu ya chachu huua zote mbili. Na pilipili hugeuka moto mtupu.

Theluthi ya mwisho ya chupa usiimalize. Izibe, iweke kwenye friji, uionje kesho yake jioni katika nyuzi zile zile 11 hadi 13. Gesi itakuwa imepungua na mbao zitasikika waziwazi, na kama kulikuwa na panya amejificha, hapo ndipo atakapotoka.