Bima ya Kamera Isiyojua Kuazimana

Huu ni mwaka wa tisa nikipiga picha za harusi mjini Birmingham, Uingereza, na kabla ya hapo nilifanya kazi hiyohiyo Tanga na Dar es Salaam kwa miaka sita. Katika miaka yote ya nyumbani sikuwahi kukata bima ya kifaa hata kimoja, wala sikumjua mpiga picha mwenzangu aliyekata. Bima tuliyoifahamu ni ya gari, ile ndogo na ile kubwa, na wengi wetu tuliijua kwa sababu ya trafiki tu. Huku, kumbi nyingi hazikuruhusu kufunga hata stendi ya taa kabla hujaonyesha hati kwamba mgeni akijikwaa na kuumia, kuna atakayemlipa. Bima ya vitu vya nyumbani nayo kwa kawaida haigusi kamera unayoifanyia biashara, kwa hiyo mpiga picha hulazimika kukata ya kwake, na juu ya ada yake serikali hutoza kodi ya asilimia 12.

Niliona faida yake mwaka juzi. Nilikuwa nashuka ngazi za ukumbi, kamba ya mkoba ikakatika, na lenzi yangu ya milimita 70–200 ikafika chini kabla yangu. Pete ya chuma inayoishikiza kwenye kamera ilipinda, na nilipoitikisa nilisikia kitu kikigongagonga ndani kama kokoto ndani ya kibuyu. Kampuni ya bima ilitaka risiti, namba ya kifaa, picha za uharibifu na makadirio ya karakana. Baada ya wiki tatu nilijibiwa kwamba gharama ya kuitengeneza inakaribia bei ya lenzi mpya, hivyo haifai kutengenezwa. Walinilipa bei ya lenzi mpya, wakakata pauni 100 ambazo mkataba unataka nizibebe mwenyewe, na wakanirudishia fedha nilizokuwa nimekodia lenzi nyingine wakati wa kusubiri. Sikupoteza harusi hata moja.

Hata hivyo, lenzi ile ilinisikitisha, kwa sababu naamini kuna fundi Kariakoo ambaye angeifufua. Namfahamu. Niliwahi kumpelekea lenzi iliyoota kuvu, ugonjwa wa kawaida wa vifaa vyetu vya pwani, nyuzi nyeupe zikiwa zimetambaa juu ya kioo cha ndani mithili ya utando wa buibui. Alitandika karatasi mezani, akachora duara kubwa, akabandika gundi ya karatasi juu yake, na kila skrubu aliyoifungua aliibandika mahali palepale ilipotoka, kiasi kwamba mwishoni lenzi nzima ilikuwa imelala pale mezani kama ramani. Alisafisha vioo kimoja kimoja, akavirudisha, na jioni nikaenda nayo kazini. Hakuna bima ninayoijua, huku wala huko, ambayo ingelipia kazi ile, kwa maana kuvu, kutu na uchakavu huhesabiwa kuwa mambo yanayokuja polepole, wala si ajali. Shata ya kamera ya Nikon D750, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapobofya, kwa mfano, ilijaribiwa kiwandani kwa mibofyo 150,000. Ikichoka baada ya hapo, mwenye kamera ndiye anayelipa.

Lakini fundi hawezi kurudisha kilichoibwa. Rafiki yangu alitoka kwenye sendofu usiku, akapanda bodaboda na begi mgongoni, akanyang'anywa njiani kamera mbili, lenzi tatu na kadi zenye picha za shughuli nzima. Wenzake tulichanga tulichoweza, tukamwazima kamera kwa zamu, lakini wenye sendofu walidai fedha zao na haki ilikuwa yao. Baada ya miezi minne aliacha kazi ya picha. Ninapolinganisha, naona kwamba mimi wa Birmingham, mwenye duka la kukodisha vifaa mtaa wa pili na uwezo wa kununua kwa mkopo, naihitaji bima, ila yeye aliihitaji zaidi sana kuliko mimi, kwa kuwa begi lile lilikuwa mtaji wake wote.

Kwa nini basi hakuwa nayo? Wapo watakaosema ni uzembe, nami sikubali. Kampuni za bima nyumbani zina aina ya bima ya kila janga kwa vitu vya kubeba mkononi, na kamera inaweza kuingia humo. Shida ni kwamba masharti yake yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ofisi, risiti na kifaa anachokitumia peke yake. Sisi kamera moja huishi maisha ya watu watatu: mwenyewe anaitumia Jumamosi, mdogo wake Jumapili, na katikati ya wiki imekodishwa kwa kijana anayeanza. Mkataba wangu wa Uingereza unasema wazi kwamba nikimwazimisha mtu mwingine kifaa, kinga inakoma. Sharti hilo likihamishiwa Tanga kama lilivyo, mteja atalipa ada mwaka mzima kwa kinga ambayo karibu kila siku haipo. Na risiti nazo atazitoa wapi, wakati kamera ilitoka Dubai kwenye begi la binamu? Mimi mwenyewe nimewapelekea ndugu zangu kamera mbili za mtumba, na karatasi zake nikaziacha kabatini huku bila kufikiri.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa kampuni zilizosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ni mkataba wa kikundi, ambapo wapiga picha ishirini, kwa mfano, wanaandikwa majina pamoja na vifaa vyao, na kifaa kikiwa mikononi mwa yeyote kati yao kinga inaendelea, mradi azimo liwe limeandikwa daftarini likiwa na tarehe na saini. Pasipo na risiti, tathmini ya fundi anayetambuliwa na kikundi, yenye namba ya kifaa na hali yake siku hiyo, ikubaliwe kuwa ushahidi. Na sharti lolote kuhusu kubeba vifaa usiku au kwa bodaboda lijadiliwe mezani kabla ya kusaini, si baada ya wizi, maana harusi zetu huisha usiku na usafiri wetu ni huo.

Kikundi kimoja cha Tanga kimeanza daftari hilo. Nimewatumia zile risiti mbili za kabatini, na namba za kamera zote mbili zimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza.