Tangi dogo? Weka aina moja ya samaki, basi

Naanza na lile ambalo wauza samaki wa mapambo wengi hawatalipenda. Kama tangi lako ni dogo, yaani lita 60 kushuka chini, weka aina moja tu ya samaki. Moja. Sio wawili wa juu, watatu wa katikati na yule wa chini wa kulamba vioo. Najua inaboa kusikia hivyo wakati umesimama mbele ya matangi yamepangwa ukutani, rangi unazozijua na usizozijua zinaogelea, na muuzaji ameshashika kinyavu anasubiri wewe tu useme. Nimepita hapo. Tangi langu la kwanza lilikuwa kama stendi ya basi.

Lilikuwa la lita 40. Siku moja hiyohiyo nikatia samaki wa dhahabu wawili, tetra wa neoni watatu (niliona watatu wanatosha kupendezesha), beta dume mmoja mwenye mapezi marefu kama shela, na pleko wa urefu wa kidole ambaye niliambiwa huyu ni wa usafi, atakupunguzia kazi. Siku ya nne asubuhi nawasha taa nakuta karibu wote wako juu, midomo imegusa uso wa maji, wanahema mbiombio, matamvua yamewaiva mekundu. Alafu maji yenyewe meupe pe, unaweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili wa kioo. Hicho ndo kilinichanganya, manake kichwani kwangu maji machafu ni yale yanayoonekana machafu.

Kumbe samaki anatoa amonia muda wote, na nyingi inatokea kwenye matamvua, sio kwenye mavi tu kama tunavyodhani. Huioni na ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye mchanga, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki wanaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hao bakteria wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, mimi nilikuwa nimewapa siku nne. Ndo maana nacheka mtu akisema anaanza na tangi dogo kwanza kwa sababu ni rahisi. Dogo ndo gumu, manake kwenye maji machache sumu inakolea haraka. Kwenye lita 200 samaki akifia nyuma ya jiwe una muda wa kushtuka, kwenye lita 30 unalala ukiamka umeshachelewa.

Sasa turudi kwa abiria wangu wa stendi, manake kila mmoja alikuwa na kesi yake.

Samaki wa dhahabu kwanza, huyu ndo anaonewa kuliko wote. Hana tumbo la maana, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo anakula na kunya mchana kutwa na maji yanaharibika haraka. Yule wa kawaida mwenye mkia mmoja anafika sentimita 20 na kuendelea, kwenye bwawa hata 30. Na anaishi miaka mingi tu akitunzwa, kuna mmoja Uingereza aliitwa Tish, alipatikana kama zawadi kwenye michezo ya maonyesho mwaka 1956 akaja kufa 1999. Miaka 43! Sisi tunamtia kwenye bakuli la duara akifa baada ya miezi mitatu tunasema samaki bwana hawadumu. Na ile hadithi kwamba samaki anakua kulingana na tangi lake, jamani tuiache. Hakui kwa sababu anaishi kwenye uchafu wake mwenyewe, huko ni kudumaa, sio kwamba amekadiria ukubwa wa nyumba akaamua abaki mdogo kwa heshima.

Pleko naye. Yule wa kawaida unayeuziwa akiwa sentimita tano anapita 30 akiwa mtu mzima. Mi sielewi kabisa hii biashara ya kumwita samaki wa usafi, manake ukimwangalia dakika kumi tu utaona anakula ukoga kidogo kisha ananing'iniza uzi mrefu wa mavi kushinda vyote alivyosafisha. Anachafua sana, ila kwa sababu amebandika mdomo kwenye kioo tunamwona anafanya kazi. Na akishakuwa mkubwa ukashindwa naye usiende kumwaga mtoni, Florida na Mexico wanahangaika na hao hao, wamejazana wanatoboa kingo za mito. Ukoga kwenye kioo futa mwenyewe na sponji, dakika mbili.

Kuna ile kanuni ya zamani ya inchi moja ya samaki kwa galoni moja ya maji, bado inatembea sana. Hebu ijaribu. Tangi la galoni 10 ni kama lita 38, urefu wake kama sentimita 50 na upana 25. Kwa hesabu hiyo unaruhusiwa kumweka oska (aina ya samaki mkubwa wa mapambo) mmoja wa inchi 10, ambazo ni sentimita 25, yaani samaki mwenye urefu sawa na upana wa tangi, akitaka kugeuka inabidi ajikunje. Afu hiyo lita 38 nayo ni ya kwenye karatasi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 wanakwambia ni lita 54, toa mchanga, toa mawe, toa ile nafasi unayoacha juu, unabaki na kama 45 za maji kweli. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa sio wangapi wataenea, huwa ni huyu anaishije? Anatembea na kundi au peke yake, anakimbia au anakaa, anataka maji ya moto au ya baridi, akiwa mzima anafika wapi.

Na ukiuliza hivyo ndo unaona kwa nini mchanganyiko unashindikana kwenye sehemu ndogo. Wale wangu, samaki wa dhahabu anafurahia maji ya nyuzi 18 hadi 22, beta anataka 25 hadi 28, sasa hita nisete wapi? Tetra wa neoni ni samaki wa kundi, sita ndo mwanzo, kumi ndo unaanza kuwaona wakiwa wenyewe. Wangu watatu walishinda nyuma ya bomba la filta wamebanana, rangi imepauka, ule mstari wa bluu unaoonekana kama taa umefifia mpaka nikadhani nimeuziwa wagonjwa. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa na woga. Samaki wa kundi akiwa peke yake anajua kabisa kwamba hana wa kumficha. Sasa ukitaka kundi la tetra kumi, na kundi la koridora sita (maana nao ni wa kundi, wale wenye sharubu wanaochokonoa mchanga), na kundi la gapi (visamaki vidogo, madume wana mikia ya rangi), hesabu imeisha, tangi limejaa na hujafika hata nusu ya ulichotamani. Ndo nasema moja.

Beta ndo chaguo langu kwa mtu mwenye lita 20 na filta ya taratibu. Mmoja, peke yake. Watu wanasema beta anaishi hata kwenye kikombe kwa sababu anavuta hewa ya juu, na ni kweli ana kiungo cha kupumulia hewa, ukimtazama utamwona anapanda taratibu, anafungua kamdomo, kapovu kanatoka, anashuka. Lakini kuweza kupumua sio kuweza kuishi. Kwao Thailand anakaa kwenye maji ya mashamba ya mpunga na vinamasi, maji mafupi kwenda chini lakini yametanda. Mimi mpaka leo hakuna samaki ninayemwona ana akili za kimtaa kama beta, anakujua ukija na kopo la chakula, anakasirika ukibadilisha jani mahali pake, ukimwekea kioo anavimba mashavu anajifutua kama mtu aliyetukaniwa mamake. (Kioo usimwekee muda mrefu, anachoka.) Mkondo wa filta ukiwa mkali anahangaika na yale mapezi, funika mdomo wa filta kwa sponji.

Gapi nao wazuri, wagumu kufa, wachangamfu, ila nisikilize vizuri hapa: nunua madume tupu. Jike anazaa karibu kila mwezi, vifaranga 20, 30, wakati mwingine zaidi, tena wanatoka wazima wanaogelea, na mbegu za dume anaweza kuzihifadhi miezi kadhaa kwa hiyo hata ukinunua majike peke yao umenunua mimba. Rafiki yangu mmoja alianza na wanne wakati wa baridi, nilipomtembelea baadaye alikuwa anagawa samaki kwa kila anayepita mlangoni na wengine tunamkwepa. Madume sita kwenye lita 40, rangi zote unazo manake dume ndo mwenye mkia, na idadi inabaki sita.

Koridora wa kawaida mi simshauri kwa dogo, anafika sentimita 6 hivi na anahitaji wenzake. Ila kuna wale kibete, sentimita 3 hawafiki, kundi la nane au kumi linakaa vizuri kwenye lita 40, muhimu uwawekee mchanga laini sio kokoto zenye makali maana sharubu zinaisha. Usishtuke ukiwaona wanachomoka kwenda juu ghafla na kurudi, wanameza hewa, ndo zao.

Na kuna hawa ambao ndo wamenitoa akili miezi ya karibuni, *Neolamprologus multifasciatus*, wenye mistari mistari, wa Ziwa Tanganyika. Dume mzima anafika kama sentimita 5. Wanaishi ndani ya makombe ya konokono. Yaani unatandaza mchanga sentimita kadhaa, unatupia makombe kumi na tano, unakaa pembeni. Niliwaona kwa mtu nikasimama mbele ya tangi mpaka chai ikapoa, kajike kamoja kalikuwa kanabeba mchanga mdomoni, kanatema hatua mbili kando, kanarudi, mpaka kombe likazama likabaki tundu tu, afu jirani akaja kumwaga mchanga wake palepale ikawa ugomvi. Samaki wa sentimita tatu anagombania kiwanja! Ukiwatia wengine humo umeharibu filamu.

Ila kabla hujawakimbilia pima maji yako. Hao wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 na zaidi. Gapi pia wanapenda magumu. Tetra wa neoni wametoka Amazon, wanapenda laini. Kama birika lako linaganda ukoko mweupe na sabuni haitoi povu, maji yako ni magumu na tayari yameshakuchagulia nusu ya orodha. Kuna watu wanahangaika na kemikali kubadilisha maji yafuate samaki, sawa inawezekana, lakini kila wiki unabadilisha robo ya maji na kila wiki unaanza upya, mi huo ujasiri sina. Klorini ya maji ya bomba tu naitoa, basi.

Nimenunua tangi la pili, lile la 60 kwa 30 kwa 30. Maji yangu magumu, kwa hiyo vita ni kati ya gapi madume na wale wa makombe, na makombe nimeshaanza kuyakusanya kwa hiyo mnajua tunaelekea wapi. Sasa hivi lina mchanga, filta inanguruma, hita iko kwenye 25, samaki hamna. Wiki ya tatu. Kila jioni natupia kachakula kidogo kaoze katoe amonia bakteria wapate cha kula, na juzi mgeni amekaa kwenye kochi ananitazama naminyaminya chakula juu ya tangi tupu, akavumilia weee, mwisho akauliza kwa upole kabisa, "Samahani, unamlisha nani?"