Dau la Underwood na kijana wa nyota tatu

Novemba 2024 kijana wa miaka 17 kutoka Belleville, mji mdogo ulio kati ya Detroit na Ann Arbor katika jimbo la Michigan, aligeuza uamuzi wake na kuwaacha watu wa Louisiana midomo wazi. Bryce Underwood, kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) aliyeongoza orodha kubwa za wachezaji wa sekondari waliokuwa wanajiunga na vyuo mwaka 2025, alikuwa ameahidi tangu Januari kwenda kuchezea Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU. Wiki mbili kabla ya kumwaga wino akatangaza kwamba anabaki nyumbani, Chuo Kikuu cha Michigan. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kitita cha dola milioni 10 hadi 12 kwa miaka minne, na miongoni mwa waliotajwa kusaidia kukichanga alikuwemo Larry Ellison, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya teknolojia ya Oracle, ambaye mkewe alisoma chuoni hapo.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, futiboli ya Kimarekani haina akademi za klabu kama soka. Ligi ya kulipwa, NFL, haimpokei mchezaji mpaka ipite miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari. Katikati hapo njia ya kweli ni moja tu, chuo kikuu. Ndiyo maana makocha wazima wanaolipwa mamilioni hukesha wakiwatumia ujumbe watoto wa kidato cha tatu, huwaalika chuoni na wazazi wao kwa gharama ya chuo, huwavisha jezi na kuwapiga picha chini ya taa kama wasanii. Tovuti za usajili huwapanga kwa nyota. Wa nyota tano ni wachache, thelathini na kitu kwa mwaka. Ahadi ya mdomo anayoitoa mwanafunzi ni kama posa: imetangazwa, watu wamekula pilau, lakini ndoa bado. Mpaka siku ya kutia saini, mwanzoni mwa Desemba, upande wowote unaweza kuivunja.

Underwood aliivunja, na lawama zikamshukia. Wanaolaumu wana hoja na si haki kuwapuuza. Wanasema mtoto wa umri huo akiwekewa milioni kumi mezani hatauliza tena kocha gani atamfundisha, ataanza lini kucheza, wala atasoma nini. Wanasema pia kwamba chumba cha kubadilishia nguo kinaharibika: mlinzi wa mstari wa mbele aliyevumilia miaka minne ya kugongwa anamkinga mgeni anayelipwa mara mia ya anachopata yeye. Halafu kuna hofu kwamba chuo chenye tajiri mkubwa kitabeba kila kitu. Ninayoiheshimu zaidi ni ile ya pili, kwa sababu inatoka kwa wachezaji wenyewe, si kwa mashabiki wanaolilia enzi zao.

Ila enzi hizo zilikuwaje? Mwaka 2010 A.J. Green, mpokeaji hodari wa Georgia, alifungiwa mechi nne kwa kosa la kuuza jezi yake mwenyewe kwa dola 1,000. Wakati akitumikia adhabu hiyo, chuo chake kilikuwa kinaendelea kuuza jezi zenye namba yake, 8, na hakuna aliyefungiwa. Uwanja wa Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000. Ligi ya vyuo ambayo Michigan inacheza, Big Ten, ilisaini mwaka 2022 mikataba ya televisheni inayozidi dola bilioni 7. Miaka yote hiyo fedha ilikuwepo, ila ilikuwa inasimama kwa kocha, kwa mkurugenzi wa michezo na kwa ukarabati wa majengo. Mchezaji alipewa ada, chumba, chakula na hotuba kuhusu moyo wa kujitolea.

Kizuizi kilianza kubomoka Juni 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya majaji tisa kwa sifuri dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. Siku chache baadaye, Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa jina, sura na umaarufu wao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote kwa pamoja. Kwa hiyo kwangu swali la kama Underwood alipwe au asilipwe limekwisha. Watu laki moja wananunua tiketi kumtazama. Alipwe.

Hoja kwamba fedha inampofusha kijana asichague kocha vizuri ningeiona nzito zaidi kama makocha wenyewe wangekuwa wanakaa. Brian Kelly, aliyekuwa kocha wa LSU wakati Underwood alipoahidi kwenda huko, aliondoka chuo cha Notre Dame mwaka 2021 na kwenda LSU kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 95, na wachezaji wake wakapata habari kwa ujumbe wa simu. Oktoba 2025 LSU ikamfukuza. Desemba hiyohiyo Michigan nayo ikamfukuza Sherrone Moore, kocha aliyemgeuza Underwood. Yaani popote ambapo kijana huyu angekwenda, mtu aliyekaa sebuleni kwao na kumwahidi mama yake kwamba atamlea asingekuwepo mwaka wake wa kwanza ukiisha. Tofauti ni kwamba Michigan angebaki na milioni zake. Ukiniuliza mimi, katika yote aliyoahidiwa, fedha ndiyo iliyokuwa ahadi ya kushikika.

Mradi iwe imeandikwa vizuri. Jaden Rashada, kwotabeki kutoka Pittsburg, California, aliahidi kwenda Miami mwaka 2022, kisha akageukia Florida kwa mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 13.85. Haukutoka kwa chuo chenyewe. Ulitoka kwenye mfuko wa wafadhili wanaoshabikia chuo. Kabla hajaingia darasani mfuko ule ukajitoa. Kijana akaomba kuachiwa, akaenda Arizona State, halafu Georgia, na Mei 2024 akamfikisha mahakamani Billy Napier, kocha wa Florida wakati huo, pamoja na mfadhili mmojawapo. Upande wa pili nao umejifunza kushitaki: mwaka 2025 idara ya michezo ya Georgia ilikwenda mahakamani kumdai Damon Wilson dola 390,000 baada ya kuhamia Missouri. Mzazi anayedhani wakili ni wa matajiri asome kesi hizi mbili kabla mwanawe hajagusa kalamu.

Haya yote, hata hivyo, ni matatizo ya wateule. Anayenihangaisha zaidi ni kijana wa nyota tatu.

Marekani ina takribani vijana milioni moja wanaocheza futiboli sekondari. Wanaofika kucheza chuo cha ngazi yoyote ni wachache, na kati ya wanaofika, chini ya wawili katika kila mia huitwa na NFL. Kwa wengi mchezo huu haukuwa njia ya utajiri. Ulikuwa njia ya kusomeshwa bure. Mtoto wa fundi bomba mwenye urefu wa futi sita na mwendo wa kuridhisha alipata nafasi chuo cha kati, akakaa benchi mwaka mmoja au miwili akinenepa na kujifunza, mwaka wa tatu akaanza kucheza, wa nne akamaliza na shahada. Kocha alimvumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujaza kikosi.

Sasa anayo. Tangu 2018 kuna orodha ya uhamisho, ambamo mchezaji wa chuo huandikisha jina lake na vyuo vingine vikamfuata. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Tangu Aprili 2024 anahama mara nyingi atakavyo, mradi masomo yake yako sawa. Ongeza msimu wa ziada waliopewa wote kwa ajili ya janga la korona, ukawa na wanaume wa miaka 23 na 24 wakigombea nafasi na mtoto wa 18. Deion Sanders, nyota wa zamani wa NFL, alipoichukua timu ya chuo cha Colorado kwa msimu wa 2023 alileta zaidi ya wachezaji 50 kutoka vyuo vingine kwa mkupuo. Na makubaliano yaleyale ya Juni 2025 yaliyofungua malipo yakaweka ukomo wa wachezaji 105 kwenye kikosi, pale ambapo timu nyingi zilikuwa na zaidi ya hapo, wengi wao wakiwa vijana wanaojilipia wenyewe na kungoja bahati.

Jiweke kwenye kiti cha kocha anayejua kwamba akipoteza mechi saba anafukuzwa. Mbele yake kuna beki wa miaka 22 mwenye misimu miwili ya video akicheza dhidi ya watu wazima, na kuna mwanafunzi wa nyota tatu ambaye labda atakuwa mzuri mwaka 2028. Atamchukua nani? Hata mimi ningemchukua yule mtu mzima.

Wanaotetea mfumo huu wana jibu, na ni jibu zuri. Cam Ward, naye kwotabeki, alimaliza sekondari huko Texas bila nyota yoyote. Shule yake ilikuwa inakimbia na mpira karibu muda wote, hivyo hakuna aliyejua kwamba anaweza kurusha. Akapata nafasi Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio, akahamia Washington State, akahamia Miami, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa na NFL. Fernando Mendoza alikuwa ameahidi kwenda Yale kabla Chuo Kikuu cha California hakijamchukua. Akahamia Indiana na kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 2025. Bila uhuru wa kuhama hakuna hadithi hizi. Zamani kijana aliyekosewa na wapanga nyota akiwa na miaka 17 alibebeshwa kosa hilo mpaka mwisho. Sasa anasahihishiwa, na analipwa. Anayetaka kuufuta uhamisho anirudishie kwanza Cam Ward.

Lakini tazama Ward alianzia wapi. Kuna mtu alimfungulia mlango akiwa hana kitu zaidi ya mkono. Vyuo vya daraja la Incarnate Word leo navyo vinapokea wachezaji wanaoshushwa kutoka vyuo vikubwa, kwa hiyo kubanwa kunateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa yule asiye na video. Uhamisho unamsaidia aliyekwisha ingia. Hausemi lolote juu ya aliye nje.

Jambo hili lina sura yake kwa watu wa kwetu. Watanzania na Wakenya wamesajiliwa na vyuo vya Marekani muda mrefu, ingawa kwa michezo mingine: Suleiman Nyambui alikuwa mkimbiaji wa chuo cha El Paso, Texas, na Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Hasheem Thabeet alipita Makongo, Dar es Salaam, akamalizia sekondari Houston, akachezea Connecticut kikapu na kuchaguliwa wa pili na NBA mwaka 2009. Wote walikuwa ni watu wa kuonekana na kupewa muda. Anayekwenda leo kwa viza ya mwanafunzi anabanwa mara mbili: nafasi zimepungua, na viza yenyewe inaweka mipaka kwenye kazi, kwa hiyo mkataba ambao mwenzake wa chumba kimoja anausaini bila wasiwasi kwake unaweza kuwa kesi ya uhamiaji. Watoto wa familia zetu waliokulia huko kwa makaratasi ya ukaaji hawana shida hiyo ya pili. Ya kwanza wanayo.

Nini kifanyike? Sioni sababu ya kugusa fedha wala kuwafunga wachezaji. Ningeanza na kalenda. Kabla ya Desemba 2017 wanafunzi wa sekondari walianza kusaini mwanzoni mwa Februari. Leo karibu wote wanasaini Desemba. Mwaka 2025 walisaini kuanzia Desemba 3, na dirisha la uhamisho likafunguliwa Januari 2 mpaka 16. Mpangilio huo unamtaka mtoto ajifunge kabla hajajua ni watu wazima wangapi watashushwa kwenye namba yake mwezi unaofuata. Akiona wameletwa watatu, anaweza kuomba kuhama, lakini chuo kinaweza kumkatia ufadhili mara anapoingiza jina kwenye orodha. Waliosaini Michigan Desemba 3 wakiamini wanakwenda kwa Moore walikaa na kocha huyo wiki moja. Alifukuzwa Desemba 10.

Makocha watasema Desemba inawapa utulivu wa kujiandaa na mechi za mwisho wa msimu. Sawa, wapewe utulivu huo kwa gharama yao. Uhamisho ufungwe kwanza, makocha wamalize kufukuzana na kuajiriana, halafu Februari mwanafunzi akae mezani na mzazi wake akiona orodha kamili ya kikosi anachokwenda kukigombania, pamoja na jina la kocha ambaye walau ameshapanga nyumba mjini hapo.