Meli Haikunikimbia Mimi

Ndugu wafuasi, nimeona niandike mwenyewe mapema, kwa sababu ile video imekwisha kutoka Kilwa Masoko, imefika Lindi mjini na, kwa taarifa ya shangazi yangu aliyeko Mikindani, tangu jana usiku inaangaliwa huko na watu ambao hata salamu hatujawahi kupeana. Rafiki yangu aliyeirekodi, ambaye jina lake ninalihifadhi si kwa heshima bali kwa sababu viatu vyangu bado viko kwake, ameiandikia maneno haya: "Watalii walipomwona Sultani wetu, meli ikageuza." Ni kweli kwamba meli iligeuza, na ni kweli kwamba wakati huo nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na joho na kilemba. Kinachobishaniwa ni hilo neno "walipomwona", nalo nitalijibu kwa hoja.

Kamati ya mapokezi ya watalii ilikuwa imenipa nafasi ya kumwigiza Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, na ambaye katika enzi yake msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331. Kamati ilisema nimeteuliwa kwa sababu ya ndevu. Waliotaja kitambi ni watani zangu, wapuuzeni. Joho lilipaswa kushonwa kwa kitambaa kipya, lakini kitambaa hakikufika, kwa hiyo shemeji alikubali kuazima pazia la sebuleni, jekundu lenye nyuzi za dhahabu pindoni. Fundi alikataa kuziondoa zile pete za kuningʼinizia, akidai kwamba akizitoa kitambaa kitachanika, nasi tukakubaliana kwamba kwa mbali zitaonekana kama mapambo ya kifalme. Naomba mzikumbuke hizo pete.

Asubuhi ile kila kitu kilikuwa tayari upande wa Kilwa Kisiwani, ufukweni karibu na ngome ya kale iitwayo Gereza. Wapiga ngoma walikuwa wamekwisha kuzipasha ngoma moto, akina mama walikuwa wamejifunga kanga za sare, na madafu yalikuwa yamekatwa vichwa yote kwa pamoja, kwa amri yangu, ili mgeni asisubiri hata dakika moja. Meli ikatokea, nyeupe, kubwa, ikasimama nje ya mlango wa bandari. Ikasimama kwa muda mrefu. Tukaona boti moja ikishushwa ubavuni, ikayumba pale kwa muda, kisha ikapandishwa tena. Mzee mmoja wa Kisiwani, aliyekula chumvi nyingi baharini, aliitazama boti ile ikipanda akasema, "Hao hawashuki leo," lakini nani anamsikiliza mzee wakati ngoma zimekwisha kuota moto?

Badala ya kumsikiliza, tuliamua kwamba wageni wanasitasita kwa kuwa hawajaona dalili ya mapokezi, na dawa yake ni Sultani kuwafuata. Nikapandishwa kwenye mashua pamoja na vijana wawili na nahodha wetu, rafiki yangu akiwa nyuma yetu katika mashua nyingine na simu yake, tukaelekea mlangoni. Ndani ya bandari maji yalikuwa yametulia, na hapo ndipo macho yanapomdanganya mtu wa nchi kavu, kwa maana kaskazi ilikuwa imevuma usiku kucha huko nje, na kadiri tulivyosogea ndivyo mashua ilivyoanza kupanda na kushuka kwa namna ambayo hotuba yangu ya Kifaransa ilianza kunitoka kichwani neno baada ya neno.

Sasa naomba tuende polepole, kwa sababu video inaanzia hapa na kukatika mahali pabaya.

Nilisimama omoni, mbele kabisa ya mashua. Mkono wa kushoto ulishika kamba, mkono wa kulia niliuinua juu, kiganja wazi, kama tulivyofanya mazoezi. Papo hapo honi ya meli ikalia. Ufukweni wakadhani ni jibu, vigelegele vikapasuka, ngoma zikaanza, nami, Mungu anisamehe, nikadhani kwamba nimetambuliwa. Meli ikaanza kugeuka taratibu. Nikamwambia nahodha kwamba inatuletea ubavu ili watu washuke vizuri, nikakiweka kilemba sawa kwa ajili ya picha. Meli ikaendelea kugeuka. Ubavu ukapita. Nilipoweza kulisoma jina lake lililoandikwa tezini, herufi kwa herufi, ndipo nilipoelewa kwamba ninaangalia mgongo wa wageni wangu.

Mkono bado ulikuwa juu. Ndugu zangu, hakuna anayefundishwa namna ya kuushusha mkono wa aina hiyo. Kuushusha ghafla ni kukiri, kuuacha ni kuonekana mjinga, kwa hiyo nilichagua njia ya tatu, nikaanza kuupunga kidogo kidogo ili ionekane kwamba tangu mwanzo nilikuja kuaga. Ni wakati ninaupunga ndipo wimbi lilipoinua omo, upepo ukaingia chini ya pazia la shemeji likajaa kama tanga, nami nikatembea hatua mbili mbele mahali ambapo mbao zilikuwa zimekwisha. Lakini sikuanguka majini. Laiti ningeanguka majini! Pete za pazia zilinasa kwenye jino la nanga, nikabaki nikiningʼinia kichwa chini, joho limenifunika uso, huku sehemu iliyobaki wazi ikiwaonyesha vijana, nahodha na simu ya rafiki yangu kaptula ya timu ambayo katika ukoo wetu hakuna anayejua kwamba ninaishabikia. Nahodha, mtu mwenye adabu zake hata katika msiba, alisema kwa sauti ya upole, "Sultani, tafadhali usirushe miguu, utatuzamisha." Kisha pazia likachanika.

Niliopolewa kwa upondo, tukarudi. Sitaki maswali.

Tuje kwenye hoja. Jioni, mtu aliyekuwa na mawasiliano na meli alitueleza kwamba nahodha wa meli alikwisha kuamua kuondoka kabla mashua yetu haijafika mlangoni. Meli kubwa za watalii hazifungi gatini kwetu. Hutia nanga na kuwaleta abiria kwa boti ndogo. Abiria hutoka kwenye kijukwaa kilicho chini ubavuni mwa meli na kuingia botini, na mawimbi marefu yakiwepo boti hupanda ikafika usawa wa magoti ya mtu, kisha ikashuka chini kabisa kabla hajatia mguu. Wengi wa abiria hao ni wazee wastaafu. Aliyeniuliza kwa nini ngalawa zetu zilikuwa zinavuka asubuhi ileile ajiulize ni wavuvi wangapi huingia ngalawani wakiwa na magoti ya chuma na mkoba wa dawa.

Tena uamuzi huo haupigiwi kura. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao toleo lake la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, katika kanuni zake za sasa unamkataza mwenye meli kumzuia nahodha asichukue uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama. Na upepo ni sababu mojawapo tu. Meli ikichelewa kutoka bandari iliyotangulia huenda ikairuka inayofuata ili ifike kwa wakati kwenye ile ya mbele. Mgonjwa mahututi akipatikana, meli hukimbilia kwenye hospitali ya karibu. Mtambo ukipata hitilafu mwendo hupungua, na ratiba yote huvurugika.

Sasa namuuliza rafiki yangu. Februari 2020 meli ya Westerdam, yenye watu zaidi ya 2,000, ilizungushwa baharini baada ya kukataliwa Japani, Taiwan, Ufilipino, Guam na Thailand kwa hofu ya korona, hadi Kambodia ilipoipokea: huko kote walimwona Sultani? Meli za watalii zilizoiacha njia ya Bahari ya Shamu kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 kwa sababu ya mashambulizi, zilikimbia kitambi cha nani? Na Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotukatia barabara ya kwenda Dar es Salaam, hata basi halikufika Kilwa, nami nilikuwa nyumbani sijavaa joho lolote. Mnaoniambia kwamba Ibn Battuta alifika hata kwa chombo cha matanga, hilo nalijua, msinitupie tena; msafiri yule hakuwa amepangiwa kula chakula cha jioni Zanzibar siku hiyohiyo. Ama Vasco da Gama, aliyeingia hapa mwaka 1502 na kudai kodi, huyo ndiye ambaye kama angeiruka bandari yetu hakuna ambaye angelalamika.

Kinachonikera zaidi ni upande wa fedha. Masharti ya tiketi huziruhusu kampuni kubadili njia bila fidia, lakini kwa kawaida abiria hurudishiwa tozo za bandari wasiyoshuka pamoja na fedha za matembezi waliyoyanunua melini. Sultani hana tiketi. Madafu yaliyokatwa yalinywewa na kijiji kizima kwa furaha kubwa, na bili yake, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana, imeletwa kwangu. Shemeji naye hataki fedha, anataka pazia.

Meli nyingine inatarajiwa kabla kaskazi haijaisha. Kamati imeniomba niendelee na nafasi yangu, nami nimekubali kwa sharti la maandishi kwamba rafiki yangu atakuwa Ibn Battuta, atasimama nami omoni, na simu yake itabaki ufukweni mikononi mwa shemeji.