Mapigo ya wadada na ya wakaka: ni jinsia, ni ukubwa wa mwili, au tunaangalia pasipo?

Kuna zoezi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapewa sana, la kupimana mapigo ya moyo mkiwa mmetulia, mnaandika na kilo na urefu, afu mnalinganisha wakaka na wadada. Majibu mara nyingi yanatoka vilevile, wadada mapigo yako juu kidogo, wakaka chini kidogo, na wakaka ni warefu na wazito zaidi, hilo la mwisho halina hata mjadala. Kasheshe inaanza kwenye kwanini. Kundi moja linasema ni mwili tu, mwili mdogo moyo unapiga haraka, jinsia haihusiki. Kundi la pili linasema hapana bwana, mwanamke moyo wake ndo uko hivo, hata umpate wa futi sita bado atakuwa juu. Mi naona wote wameshika kipande, ila data ya darasa moja haiwezi kuwaamulia, na kwa hapa Dar kuna kitu cha tatu ambacho kilitakiwa kupimwa kabla hata ya mizani na hakipimwi.

Tuanze na watu wa mwili maana wao wamekuja na hesabu kabisa. Damu anayozungusha mtu kwa dakika ni idadi ya mapigo mara damu inayotoka kwa kila pigo, na mtu mzima akiwa ametulia anazungusha kama lita 5. Moyo wa mwanaume una gramu 300 na kitu, wa mwanamke kwa kawaida unapungua hapo, kwahiyo kila pigo linatoa kidogo zaidi. Sasa chukua moyo unaotoa mililita 70 kila pigo, ukipiga mara 70 ni mililita 4,900. Unaotoa 62 ili ufike hapohapo inabidi upige mara 79, yani mwenye ndoo ndogo lazima aende bombani mara nyingi. Ila mwili mdogo hauhitaji damu yote hiyo, ndo maana pengo halisi linalotajwa ni dogo kuliko hapo, mapigo 3 mpaka 7 hivi.

Afu wanakuletea wanyama. Tembo moyo unapiga kama 30 kwa dakika, panya mdogo wa maabara mia tano na zaidi, mtoto mchanga 120 mpaka 160. Max Kleiber mwaka 1932 alionyesha kwamba nishati inayotumiwa na mwili haipandi sawasawa na uzito, na kwenye mapigo kanuni hiyo inatoka hivi, yanapungua kwa kipeuo cha nne cha uzito. Piga hesabu mwenyewe, kama mtu wa kilo 70 ana mapigo 70 basi wa kilo 55 anatakiwa awe na 74 na kitu. Yani pengo la mapigo manne, ambalo ndo lilelile la wadada na wakaka! Hapo mtu wa mwili anafunga daftari anaenda kula chipsi mayai.

Mi ndo hapo naanza kusita. Kanuni ile ni ya kulinganisha panya na tembo, wanyama waliopishana maelfu ya kilo, kuichukua ukaishusha kwa watu wawili waliopishana kilo 15 kwenye kiti kimoja ni kuilazimisha. Na ukiangalia binadamu kwa binadamu uzito unakugeuka kabisa. Mtu aliyeongezeka kilo za mafuta, kitambi na nini, mapigo yake ya kutulia mara nyingi yanapanda, hayashuki. Wakati huohuo mtu mrefu anaelekea kuwa chini kidogo. Kwahiyo ukisema "ukubwa wa mwili" unamaanisha nini hasa, urefu? kilo? misuli? BMI (kilo ukigawanya kwa urefu mara urefu)? Kitu kimoja kinashusha kingine kinapandisha, ukivichanganya kwenye safu moja ya kilo vinaulana, unapata jibu la sifuri afu unaandika "uzito hauna uhusiano na mapigo". BMI ndo usiseme, kaka wa misuli wa kilo 80 na kaka wa kitambi wa kilo 80 wenye urefu mmoja wana BMI moja, mioyo yao haiongei lugha moja.

Haya, watu wa jinsia. Hoja yao nzito ni ya kile kinundu kilichopo kwenye chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, ndo kinachotoa amri ya kila pigo. Mishipa ya fahamu inakiongeza mwendo au kukipunguza, lakini ukizizima hizo amri kwa dawa, atropini na propranololi kwa pamoja, kinundu kinabaki kinaenda kwa mwendo wake chenyewe. Jaribio hilo limeshafanyika, na wanawake walibaki juu ya wanaume. Mtu wa mwili atakujibu kwamba kinundu chenyewe si kipo ndani ya moyo mdogo, sawa, ana haki ya kusema hivo. Ila hii ya pili anajibuje? Dada huyohuyo mmoja, kilo zilezile, urefu uleule, baada ya yai kupevuka mapigo yake ya kutulia yanapanda kidogo, mawili matatu, mpaka karibu na siku zake. Hapo hakuna mwili uliobadilika ukubwa, ni homoni. Hii peke yake inanitosha kusema kwamba ukubwa haumalizi habari yote.

Sasa kabla hamjashangilia, kuna ile data maarufu ya kufundishia takwimu, aliyoitoa Allen Shoemaker mwaka 1996, watu 130, nusu wanaume nusu wanawake, joto la mwili na mapigo. Wastani wa wanaume ni 73.4, wa wanawake 74.2. Hata pigo moja zima halifiki! Data ile iliandaliwa kwa ajili ya darasani kufuata utafiti wa 1992 wa joto la mwili kwahiyo usiibebe kama msahafu, ila inakuonyesha tofauti hii ilivyo rahisi kupotea.

Na inapotea wapi? Kwenye kupima kwanza. Darasani watu wanahesabu sekunde 15 afu wanazidisha mara 4, wanaona wameokoa muda. Ukikosea pigo moja tu tayari umekosea manne, na manne ndo pengo lote tunalogombania hapa. Hesabu dakika nzima jamani, au basi nusu dakika mara mbili, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sio dole gumba maana nalo lina mapigo yake. Kile kidude cha kubana kidole nacho kikikutana na kucha zenye rangi nzito au piko kinaweza kubabaika, na nani ana piko kwenye kucha, si upande mmoja tu wa jedwali lako.

Halafu huo utulivu wenyewe. Mtu kashuka daladala ya Mbagala alikosimama njia nzima, jasho linamtoka, kapandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu maana kachelewa, anakaa dakika moja unamshika mkono unaandika "mapigo ya kutulia". Mwenzake anakaa hosteli hapo chini, kaamka kaja kwa miguu mdogomdogo. Joto la Februari linapandisha mapigo, kahawa inapandisha, homa inapandisha kama mapigo 10 kwa kila nyuzi moja, na wasiwasi wa kushikwa mkono na kaka wa safu ya nyuma nao unapandisha (mnacheka, lakini kwenye data unaingia). Dakika tano za kukaa kimya ndo kiwango cha chini, na darasa lenye watu 60 na vipindi viwili nyuma yake halina dakika tano.

Afu idadi. Mapigo ya watu wazima yanatawanyika sana, chukulia mtawanyiko wa 10 hivi, ukitaka kulikamata pengo la mapigo manne kwa uhakika wa kawaida wa takwimu unahitaji kama watu 100 kila upande. Darasa lenye wakaka 20 na wadada 20 pengo lao lina kosa la mapigo 6 juu na chini, maana yake ukweli ukiwa 4 nyie mnaweza kupata 9 mkatangaza, au mkapata hasi 1, yani wakaka ndo wako juu, mkasema sayansi ni uongo. T-test, ile hesabu ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, haina kosa hapo, imewaambia ukweli kwamba hamjui, nyie ndo mnasoma "hakuna tofauti".

Kile cha tatu nilichosema ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, yani himoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) chini ya gramu 12 kwa desilita, au chini ya 11 kwa mjamzito. Damu ikipungua oksijeni inayobebwa kila pigo inapungua, moyo unafidia kwa kupiga haraka, na wanaopoteza damu kila mwezi ni upande mmoja. Sasa ukilinganisha wakaka na wadada hapa Dar bila kupima damu unalinganisha vitu vitatu kwa mpigo. Kibaya zaidi makundi yote mawili yanampa huyo dada jibu la kumtuliza, akisema moyo unaenda mbio na akipanda ngazi anachoka, mmoja anamwambia "wewe mdogo ndo maana", mwingine anamwambia "wanawake ndo mlivyo", na yeye ana himoglobini 9 anatembea nayo anasoma nayo.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni. Ningekuwa mimi ndo naandaa zoezi ningepima damu kwanza, wenye upungufu wapelekwe dispensari ya chuo na wakae jedwali lao, waliobaki niwaulize nani anacheza mpira au anakimbia kila jioni maana mazoezi nayo yanashusha mapigo, afu ndo nitafute dada mrefu na kaka mfupi wanaolingana urefu niwaweke jozi jozi. Hapo pengo nadhani litabaki la mapigo mawili matatu, na hayo ndo ntawaachia watu wa kinundu.