Chanjo iliyojaribiwa Bagamoyo: tungoje Geneva au tuamue wenyewe?

Ukitaka kutabiri tiba za miaka kumi ijayo, anza na watoto wa Bagamoyo na Korogwe. Walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Shirika la Afya Duniani (WHO), lenye makao Geneva, lilipopendekeza itumike kwa upana ilikuwa Oktoba 2021, na wale wachanga walikuwa tayari shule ya msingi. Majaribio yalishakwisha, idhini ndiyo iliyokula miaka.

Wenye haraka hawakosi hoja. Chanjo ya pili, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo, na katika maeneo kama hayo, ambako mtoto huchanjwa kwa umri bila kungoja msimu wa mvua, ilipunguza malaria kwa asilimia 68 mwaka wa kwanza. Ghana haikumsubiri mtu: iliidhinisha Aprili 2023, WHO ikafuata Oktoba. Nasi mdhibiti tunaye. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, ikiitwa bado TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO kufikia ngazi ya tatu ya ubora, Desemba 2018. Hadhi hiyo ina kazi gani kama takwimu za watoto wetu wenyewe lazima zisomwe kwanza na wengine?

Upande wa pili, hata hivyo, siwezi kuubeza. Majaribio ya RTS,S yalionyesha mambo matatu ya kutisha: homa ya uti wa mgongo na malaria ya kupanda kichwani zilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana waliochanjwa vilikuwa vingi kuliko vya wasichana wasiochanjwa. Mzazi gani angetaka yapuuzwe? Ndiyo maana chanjo ilipelekwa kwanza Ghana, Kenya na Malawi, kuanzia 2019. Huko dalili hizo hazikujirudia, na vifo vya watoto vikapungua kwa asilimia 13. Tahadhari ililipa. Lakini mdhibiti wa Ulaya alishatoa maoni mazuri Julai 2015, na miaka karibu minne kabla ya sindano ya kwanza ya mradi huo haikuwa ya sayansi pekee. Kutafuta fedha na kupanga mipango nako kulichukua sehemu yake.

Kwa hiyo mimi naegemea TMDA kuamua mapema, kwa sharti moja gumu: ufuatiliaji baada ya idhini. Madhara ya nadra mara nyingi hayaonekani kwenye majaribio, huonekana zahanati, ambako muuguzi mmoja anachoma sindano, anajaza kadi na kutuliza foleni ya akina mama. Akikosa muda wa kujaza fomu ya madhara, uamuzi wa haraka unakuwa kamari.

Zipo pia programu za kompyuta zinazosoma eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu. Moja ilipimwa kwa wagonjwa wa Bagamoyo, matokeo yakachapishwa 2014; WHO ikapendekeza teknolojia hiyo 2021, kwa wenye miaka 15 na zaidi. Hapa haraka ina sura nyingine. Chanjo iliyoidhinishwa leo ni ileile mwakani, ilhali programu husasishwa, na toleo jipya laweza kusoma picha ileile vingine. Nabashiri mdhibiti atalazimika kupima matoleo makubwa moja moja, na foleni ya maombi ya idhini itarefuka kuliko ile ya chanjo.